Upepo na Maikrofoni ya Kofia Ngumu

Utangulizi

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, pikipiki ni chombo muhimu cha usafiri. Hupeleka wagonjwa zahanati, huchukua mazao kwenda sokoni, na huwafikisha wasafiri katika vijiji ambavyo basi halifiki.

Sheria ya Tanzania inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu. Kofia hiyo huulinda ubongo wakati wa ajali. Hata hivyo, mtu aliyevaa kofia huku pikipiki ikienda kasi hupata shida ya kusikia na kusikika. Abiria husema, "Nishushe penye mkorosho ule," lakini dereva husikia mvumo wa upepo tu. Baadhi ya madereva hufunua kioo cha kofia ili wasikie. Wengine hugeuza kichwa nyuma, na wengine huivua kofia kabisa. Matendo haya yote ni ya hatari, hasa katika barabara kuu ya Morogoro inayopita Kibaha, ambamo malori makubwa hupita usiku na mchana.

Siku hizi kipo chombo kidogo cha mazungumzo ambacho hufungwa katika kofia. Chombo hicho kina maikrofoni karibu na mdomo, spika ndogo karibu na masikio, betri, na redio ndogo inayopeleka sauti kwenye kofia ya mtu mwingine au kwenye simu. Chombo hiki hufanya kazi vizuri pikipiki inaposimama. Pikipiki inapokwenda kasi, maneno humezwa na kelele za upepo.

Katika somo hili tutajifunza kelele hizo hutoka wapi, na jinsi ya kuzipunguza bila kuivua kofia.

1. Tofauti ya sauti na upepo

Sauti na upepo vyote ni mwendo wa hewa, lakini ni mwendo wa namna mbili zilizo mbali sana.

Ngoma inapopigwa, ngozi yake hutetemeka. Ngozi hiyo huisukuma hewa iliyo jirani, na hewa hiyo huisukuma hewa inayofuata. Kila chembe ya hewa husogea kidogo tu mbele na nyuma, kisha hurudi mahali pake. Kinachosafiri ni mtetemo. Mtetemo huo ndio sauti, nao husafiri katika hewa kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde.

Upepo ni hewa yenyewe inayohama kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Upepo huinua vumbi, hupeperusha nguo kwenye kamba, na huinamisha nyasi. Sauti haiwezi kufanya kazi hiyo. Hata ukipiga kelele kwa nguvu zako zote, huwezi kukausha nguo.

Maikrofoni ina ngozi nyembamba iitwayo kiwambo. Sauti inapofika, kiwambo hutetemeka, na mtetemo wake hugeuzwa kuwa umeme. Lakini kiwambo hakijui kuchagua. Upepo ukikigonga, hutetemeka vilevile. Mvumo unaousikia katika spika haukuwako hewani kama wimbo wa ndege au mlio wa honi. Mvumo huo umezaliwa pale pale kwenye maikrofoni, upepo ulipoipiga.

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu: kelele ya upepo huanzia kwenye kiwambo chenyewe. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni kuuzuia upepo usikifikie kiwambo, huku tukiiachia sauti njia ya kupita.

Jaribio la kwanza: Upepo katika sikio

Nenda uwanjani siku yenye upepo. Simama ukielekeza uso unakotoka upepo. Sikiliza. Utasikia mvumo masikioni. Sasa geuka polepole kuelekea kulia, kisha kushoto. Je, mvumo unabadilika?

Simama tena kama mwanzo. Weka viganja vyako mbele ya masikio kama kuta mbili ndogo, bila kuziba matundu ya masikio. Mwenzako aliye nyuma yako aseme maneno machache. Utaona kwamba mvumo umepungua, na maneno ya mwenzako unayasikia vizuri zaidi. Viganja vimeuzuia upepo, lakini sauti imefika.

2. Visulisuli vidogo

Simika kijiti katika maji ya mfereji yanayokwenda kasi. Nyuma ya kijiti utaona maji yakizunguka. Mizunguko hiyo huzaliwa, huvunjika, na mingine huzaliwa. Hali kama hiyo huonekana katika Mto Ruvu, mahali maji yanapopita kando ya mti ulioanguka.

Hewa pia hufanya hivyo. Inapogonga kofia, kioo, au maikrofoni, hupinduka na kufanya visulisuli vidogo visivyoonekana. Kila kisulisuli hukisukuma na kukivuta kiwambo bila mpangilio. Ndiyo maana kelele ya upepo haina wimbo, bali ni mvumo na mngurumo.

Kumbuka kwamba mwendesha pikipiki hupata upepo hata siku ambayo majani hayatikisiki. Hewa imetulia, lakini yeye mwenyewe anaikimbilia. Kwa kofia yake, kuigonga hewa iliyotulia kwa kasi ni sawa na kusimama na kupigwa na upepo wa kasi hiyo hiyo.

3. Mwendo na nguvu ya upepo

Hewa ina uzito. Hewa inayojaza sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kwa sababu hiyo, hewa inayokwenda kasi husukuma kitu inachokigonga. Msukumo katika eneo huitwa kanieneo, nayo hupimwa kwa paskali. Jedwali hili linaonyesha kanieneo ya upepo unaompiga mwendesha pikipiki usoni.

Kilomita 18 kwa saa (mita 5 kwa sekunde): paskali 15
Kilomita 36 kwa saa (mita 10 kwa sekunde): paskali 60
Kilomita 54 kwa saa (mita 15 kwa sekunde): paskali 135
Kilomita 72 kwa saa (mita 20 kwa sekunde): paskali 240

Linganisha mstari wa pili na wa nne. Mwendo umekuwa mara mbili, lakini kanieneo imekuwa mara nne. Hii ndiyo sababu mazungumzo yanayosikika vizuri pikipiki inapopanda polepole vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe hupotea kabisa inapoteremka kwa kasi.

Sasa tazama sauti ya mtu. Mtu akizungumza kwa kawaida, sauti yake katika umbali wa mita moja ina kanieneo ya paskali 0.02 hivi. Karibu kabisa na midomo, umbali wa sentimita 2, huwa paskali 1 hivi. Si upepo wote unaogeuka kuwa kelele. Kinachotetemesha kiwambo ni ule msukumo unaobadilikabadilika wa visulisuli. Lakini hata sehemu ndogo ya paskali 60 yatosha kuifunika sauti ya paskali 1.

4. Msitu na sponji

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imo wilayani Kisarawe. Siku ya upepo mkali, vilele vya miti hutikisika. Lakini mtu anayetembea chini, ndani ya msitu, huona utulivu. Matawi na majani mengi yameuvunja upepo. Hata hivyo, mtu huyo husikia ndege wakilia, na honi ya treni inayopita kwenye reli ya Pugu humfikia. Msitu umeuzuia upepo, na umeiachia sauti.

Kipande cha sponji kinachofunika maikrofoni ni kama msitu mdogo. Ndani yake mna nyuzi nyingi na vitundu vingi vinavyofunguliana. Upepo ukiingia katika vitundu hivyo hugongana na nyuzi na kupoteza kasi. Visulisuli hubaki nje, juu ya ngozi ya sponji. Mitetemo midogo ya sauti hupita katika vitundu mpaka kwenye kiwambo.

Kuna sababu nyingine inayoifanya sponji ifae. Fikiri juu ya wanafunzi ishirini wanaovuta kamba. Wakivuta wote kwa pamoja, kamba huja. Kila mmoja akivuta upande wake na kwa wakati wake, kamba haiendi popote. Sauti huisukuma sponji pande zote kwa pamoja, kwa hiyo nguvu zake hujumlishwa. Visulisuli huisukuma sponji hapa na kuivuta pale, kwa hiyo nguvu zao huondoana. Sponji iliyo nene zaidi ina eneo kubwa zaidi, na visulisuli huondoana zaidi.

Si kila sponji inafaa. Sponji inayofaa ni ile ambayo ukiiweka mdomoni na kupuliza, pumzi hupita. Ile ambayo vitundu vyake vimezibwa, kama soli ya kandambili, huzuia upepo na sauti pia.

Jaribio la pili: Kulinganisha vifuniko

Vifaa: simu ya mwalimu inayoweza kunasa sauti, kipande cha sponji laini ya godoro chenye unene wa sentimita 2, karatasi ngumu, kipande cha boksi cha kupepea.

Njia:
(a) Tafuta tundu dogo la maikrofoni ya simu. Kwa kawaida liko chini ya simu.
(b) Mwanafunzi mmoja asome sentensi tatu akiwa umbali wa sentimita 10. Mwingine apepee upepo kwenye tundu hilo. Naseni sauti.
(c) Ziba tundu kwa karatasi ngumu iliyobanwa. Rudieni kusoma na kupepea kama mwanzo.
(d) Ondoeni karatasi. Funikeni tundu kwa sponji bila kuibana sana. Rudieni tena.
(e) Sikilizeni sauti zote tatu. Andikeni maneno mangapi mmeyaelewa katika kila moja.

Matokeo: Bila kifuniko, mvumo huyameza maneno. Kwa karatasi ngumu, mvumo hupungua, lakini sauti ya msomaji nayo hufifia. Kwa sponji, mvumo hupungua na maneno husikika.

5. Mahali pa kuweka maikrofoni

Sponji peke yake haitoshi. Mahali maikrofoni inapowekwa ni jambo kubwa vilevile.

Kwanza, maikrofoni ikae mahali penye kivuli cha upepo. Katika kofia inayofunika uso wote, mahali hapo ni ndani ya sehemu inayokinga kidevu. Kioo kikishushwa, hewa ya hapo hutulia. Upepo mwingine hupanda kutoka chini ya kidevu. Kitambaa kinachofungwa hapo huupunguza, lakini kisizuie kupumua.

Pili, maikrofoni ikae karibu na mdomo. Ukipunguza umbali kutoka sentimita 8 hadi 4, kanieneo ya sauti inayofika huwa mara mbili. Ukipunguza tena hadi sentimita 2, huwa mara nne ya ile ya mwanzo. Upepo hauongezeki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kusogeza maikrofoni karibu ni njia rahisi ya kuyapa maneno nguvu.

Tatu, maikrofoni isikae mbele kabisa ya midomo. Weka kiganja mbele ya midomo yako useme "pita". Utahisi pumzi ikigonga kiganja. Sasa sema "sema". Pumzi imepungua. Pumzi ya herufi p ni upepo mdogo, nayo hufanya mshindo katika maikrofoni. Mahali pazuri ni kwenye pembe ya mdomo, ambapo sauti hufika lakini pumzi hupita kando.

Nne, uso wa maikrofoni uelekee mdomo, na mgongo wake uelekee upepo. Maikrofoni nyingi za kofia huwa na alama upande wa kusemea. Ikigeuzwa, sauti ya msemaji hupungua na kelele za nje huongezeka.

Kofia isiyofunika uso haina kivuli kizuri cha upepo. Katika kofia hiyo maikrofoni hukaa kwenye mkono mwembamba unaofika mdomoni, nayo huhitaji sponji kubwa zaidi.

6. Msaada wa umeme

Baada ya kuuzuia upepo, kelele iliyobaki huweza kupunguzwa kwa umeme.

Mngurumo wa upepo ni mzito. Nguvu yake kubwa imo katika mitetemo michache kwa sekunde. Simu za waya za zamani zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu, na watu walielewana vizuri. Kwa hiyo vyombo vingi vya mazungumzo huwa na kichujio kinachopunguza mitetemo iliyo chini ya hapo. Kichujio huzuia sehemu kubwa ya mngurumo na kuyapitisha maneno.

Vyombo vingine vina maikrofoni mbili. Sauti ya mdomo hufika kwenye zote mbili kwa mfano mmoja. Visulisuli vinavyoigonga ya kwanza si vile vinavyoigonga ya pili. Chombo hulinganisha maikrofoni hizo, hutunza kinachofanana, na hupunguza kisichofanana.

Lakini umeme una mpaka wake. Upepo ukikisukuma kiwambo mpaka kishindwe kwenda mbele zaidi, neno lililosemwa wakati huo hupotea. Kichujio hakiwezi kurudisha neno ambalo halikunaswa. Kwa hiyo tunaanza na mahali pa maikrofoni na sponji, kisha ndipo tunategemea umeme.

7. Kutunza maikrofoni

Vumbi la barabara za vijijini huziba vitundu vya sponji. Sponji iliyozibwa huzuia sauti kama karatasi ngumu ya jaribio letu. Ivue, uioshe kwa maji na sabuni kidogo, uisuuze, na uianike kivulini mpaka ikauke kabisa.

Wakati wa masika, sponji hulowa. Maji hujaza vitundu, na sauti haipiti vizuri. Ikamue na kuikausha kabla ya kuitumia tena. Sponji iliyochanika au kuanza kuwa unga ibadilishwe.

8. Usalama kwanza

Ndani ya kofia ngumu mna tabaka jepesi na gumu. Kichwa kikigonga ardhi, tabaka hilo hubonyea na kupunguza kishindo kinachofika kwenye ubongo. Usilichonge, usilikate, wala usitoboe kofia ili upate nafasi ya maikrofoni au waya. Kofia iliyochongwa haimlindi mtu kama ilivyokusudiwa. Sponji ya maikrofoni itoke penginepo, kamwe isitoke katika kofia.

Linda masikio pia. Tafiti zimeonyesha kuwa kelele za upepo ndani ya kofia katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupita desibeli 90. Wataalamu wa afya kazini hushauri kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti, nazo zikifa haziwezi kuota tena. Dereva anayeongeza sauti ya spika ili ishinde upepo huongeza kelele juu ya kelele. Kupunguza mwendo ni bora: upepo hupungua, maneno husikika kwa sauti ndogo, na breki huweza kufanya kazi kwa wakati.

Mwisho, maikrofoni nzuri haizuii fikra kutangatanga. Mtu anayezungumza jambo refu huisahau barabara. Maneno mafupi, kama "simama", "kata kulia", na "punguza mwendo", yanafaa njiani. Mazungumzo marefu na simu vingoje mpaka pikipiki isimame pembeni mwa barabara.

Muhtasari

Sauti ni mtetemo wa hewa. Upepo ni hewa inayohama. Kelele ya upepo huzaliwa upepo unapokigonga kiwambo cha maikrofoni. Mwendo ukiwa mara mbili, kanieneo ya upepo huwa mara nne. Tunaipunguza kelele hiyo kwa kuweka maikrofoni penye kivuli cha upepo, karibu na pembe ya mdomo, na kuifunika kwa sponji inayopitisha pumzi. Kichujio cha umeme husaidia baadaye. Mtu anayeelewa mambo haya hana haja ya kuivua kofia ili asikie.

Maswali

1. Taja tofauti mbili za sauti na upepo.
2. Kwa nini mwendesha pikipiki hupigwa na upepo hata siku iliyo shwari?
3. Pikipiki ilikuwa ikienda kilomita 20 kwa saa, kisha ikaenda kilomita 60 kwa saa. Kanieneo ya upepo imeongezeka mara ngapi?
4. Sponji ya maikrofoni inafanana vipi na msitu?
5. Kwa nini soli ya kandambili haifai kufunika maikrofoni?
6. Dereva amekata tabaka la ndani ya kofia yake ili apate nafasi ya spika. Mweleze kwa sentensi tatu hatari ya jambo hilo.
7. Kazi ya kufanya: Waulize madereva watatu wa pikipiki wa mahali unapoishi jinsi wanavyowasikia abiria wao wakiwa njiani. Andika majibu yao. Kisha, kwa kutumia uliyojifunza katika somo hili, pendekeza njia moja ya kumsaidia kila mmoja.